Mwishoni Mama Anapona

Mkutubi wa shule ile alikuwa amechoka. Na msidhani ni uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu ulikuwa uchovu wa kuhamia kwenye mifupa, kama mpangaji aliyegoma kuhama. Magoti yalimvimba kila alasiri, miwani yake ilikuwa imeungwa kwa gundi ile ile ya kubandikia vitabu, na wanafunzi walikuwa wamempa jina wakidhani halijui. Walimwita Mama Ongeza.

Jina alijitafutia mwenyewe. Ndani ya jalada la nyuma la kila riwaya alikuwa amebandika kifuko cha karatasi, na ndani ya kifuko aliweka kadi. Mtoto akimaliza kusoma sharti aandike kwenye kadi kitabu amekionaje, bila jina, mstari mmoja au miwili, ndipo aazime kingine. Akiandika "Kizuri," mkutubi anairudisha kadi mezani, anaigonga kwa kidole na kusema, "Ongeza." Mtoto anaongeza "sana." "Ala! Ongeza!" Mambo yakawa hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Na kadi zilinoga, jamani. Mmoja aliandika, "Mwizi nilimjua ukurasa wa tisa, huyu mwandishi ametudharau." Mwingine, kuhusu riwaya ya ndugu wanne waliopotea, akaandika, "Wametembea msituni siku tatu na hakuna hata mmoja aliyekwenda chooni." Mkutubi alikuwa akizisoma saa ya chai huku akicheka peke yake, mpaka mwalimu wa hesabu anachungulia dirishani kuona kama yu salama.

Sasa tuseme ukweli, maana hakuna wa kumficha hapa: aliyeziua kadi zile ni yeye mwenyewe. Mwaka uliopita alimzika mdogo wake, akarudi kazini bila subira hata ya kumeza mate. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita akaandika, "Kitabu hiki kinachosha, nimelala mara mbili." Siku nyingine angecheka. Siku ile alitoa kalamu nyekundu, akaukata ule mstari, akamwambia mtoto mbele ya wenzake aandike kitu cha maana. Habari ikazunguka shule nzima kabla kengele haijalia. Watoto si wajinga. Tangu hapo kila kadi ikawa inaandikwa "Kitabu hiki kinafundisha," hata ya kile cha vituko vya paka wa kituo cha mafuta, ambacho hakifundishi kitu chochote duniani. Baadaye wakaacha kuandika, na wengi wakaacha hata kuazima.

Mdogo wake huyo aliacha binti mmoja, miaka kumi na mitatu, ambaye sasa aliishi kwa mkutubi na kumwita Mama Mkubwa. Alisoma shule hiyo hiyo. Mtoto mwenyewe tangu msiba alikuwa kimya kama maji mtungini. Ukimuuliza hali, anajibu "Nzuri." Ukimuuliza shule, ni hiyo hiyo "Nzuri." Ukimuuliza kama ameshiba, anaondoa sahani. Neno "mama" peke yake, bila "mkubwa" kufuata, halikuwahi kumtoka mdomoni ndani ya nyumba ile.

Kimya hicho kilidumu mpaka jioni moja, miezi kadhaa nyuma, mkutubi akisuuza vikombe, kwa kukosa la kusema akauliza lile swali lake la kazini.

"Hicho kitabu umekionaje?"

Binti akasimama na kitambaa mkononi. "Watoto wa vitabuni, Mama Mkubwa, hawaoshi vyombo. Umewahi kuona? Dunia inataka kuangamia, wanaitwa wakaiokoe, na hakuna hata mmoja anayesema subirini kwanza nimalize masufuria. Wanaondoka tu. Nani anabaki jikoni?"

Mkutubi alicheka hadi kikombe kikamponyoka. Na binti akaendelea. Akamsema mwandishi, akamsema shujaa, akaisema picha ya jaladani ambayo haikufanana na mtu yeyote wa humo ndani. Tangu siku hiyo ikawa ada yao. Kila jioni wakiosha vyombo, Mama Mkubwa anauliza kitabu umekionaje, na binti anafunguka dakika kumi, wakati mwingine robo saa. Kisha anajifunga tena. Dakika hizo kumi ndizo pekee mkutubi alizokuwa nazo kwa mtoto yule, na alizishika kwa mikono miwili, akiomba zisimponyoke.

Jumatatu moja mkuu wa shule akaingia maktaba na futi ya kupimia mkononi. Hakuwa mtu mbaya, mkuu yule. Alikuwa mtu wa shati moja zuri na shida nyingi. Akapima ukuta, akapima na dirisha, akaandika kwenye kiganja chake.

"Nusu ya chumba naichukua," akasema. "Mashine ya fotokopi imekuja, na karatasi za mitihani hazina pa kukaa. Rafu za riwaya zitapungua."

"Zibaki ngapi?"

"Vitabu vinavyosomwa vibaki. Nitapita Ijumaa. Riwaya yenye maoni matatu ya mwaka huu kwenye kadi yake, inabaki. Isiyo nayo, boksini, kisha stoo."

"Mkuu, kitabu hakipimwi kama viazi."

"Basi kinapimwaje? Kadi si ulizianzisha wewe?"

Hapo alimshika pabaya, na wote wawili walijua. Mkuu alipotoka, mkutubi alizitoa kadi zote, kifuko kwa kifuko. Riwaya zilikuwa sitini na nne, na zenye maoni matatu ya mwaka huu zilikuwa tisa. Tisa! Stoo ile ilikuwa na panya wa kumtisha hata paka wa kituo cha mafuta. Na kilichomkata maini zaidi si panya. Alijiuliza, vitabu vikienda huko, jikoni nitaongea nini na mtoto?

Basi akafanya jambo ambalo hangedhani atalifanya. Akaanza kuandika maoni mwenyewe, akijifanya mtoto.

Mwanzoni alijitahidi, tusimnyime haki yake. Alisoma saa ya chakula, alisoma kwenye foleni ya zahanati alikokwenda kwa ajili ya magoti, mpaka muuguzi akamuuliza kulikoni mama mzima na kitabu cha mapacha waliobadilishana shule. Aliandika kwa wino wa kila rangi, mara mkono wa kulia, mara wa kushoto. Kile cha mapacha alikipa, "Mama yao asiyewatambua anahitaji miwani." Alijichekea kidogo. Lakini vitabu vilikuwa vingi na macho yalikuwa mawili. Kufika Jumatano hasomi tena, analambalamba tu. Sura ya kwanza, maneno ya jalada la nyuma, basi, kalamu. Aliyekuwa akiwafokea watoto waandike kitu cha maana sasa alikuwa akitunga uongo kwa zamu, tena wa rangi rangi.

Kitabu cha bluu alikishika muda mfupi kabla ya kengele ya mapumziko. Kilikuwa kipya, kilifika wiki mbili nyuma na msaada wa vitabu, na watoto walishakibatiza jina kwa rangi ya jalada lake. Kilihusu msichana na mama yake mshonaji, na mama anaugua kifua. Alisoma sura mbili. Kope zikawa nzito. Kengele ikalia. Akachukua kalamu ya kijani kwa mkono wa kushoto, akaandika:

"Kitabu kitamu. Usiogope ukifika katikati, mwishoni mama anapona."

Hakufikiria. Maneno yalimjia yenyewe, mepesi, kama mtu anayeitikia salamu. Akairudisha kadi kifukoni na kitabu kwenye rafu, akashika kingine.

Alasiri ile ile binti akaja kuazima. Yeye hakuchagua kitabu kwa jalada wala kwa unene, alichagua kwa kadi. Mkutubi, akigonga mihuri mezani, alimwona amesimama na kitabu cha bluu wazi kwa nyuma. Aliisoma kadi. Akainua macho, akaangalia ukuta, akaisoma tena. Kisha akaja nacho mezani akikikumbatia kifuani. Mkutubi akagonga muhuri na kuona raha kwamba angalau huyu ni msomaji wa kweli.

Jioni, vyombo.

"Kitabu umekionaje?"

"Bado nasoma. Mama yake anakohoa sana, usiku anakaa kitako." Binti alifuta sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mimi vitabu vya mama kuumwa huwa sivigusi. Lakini hiki nimeshajua atapona."

Na akatabasamu. Mkutubi aliacha kusuuza. Neno lenyewe limetoka, mama, ndani ya nyumba hii, na limetoka kwa sababu ya wino wa kijani. Akataka kusema ngoja, nipe hicho kitabu kwanza. Angesemaje? Kwamba yale maoni ni yake? Akajifariji. Hivi ni vitabu vya watoto, waandishi nao wana roho, nani atamuua mama kwenye kitabu chenye jalada zuri vile? Akajikaza, akasuuza sufuria iliyokwisha suuzwa.

Alhamisi asubuhi binti alitoka bila kunywa chai. Baada ya chakula cha mchana mkutubi alikikuta kitabu cha bluu kwenye sanduku la marejesho, chini kabisa, uso chini. Alichomoa kadi. Chini ya wino wa kijani palikuwa na mwandiko wa penseli, wima, safi, anaoujua kuliko wake mwenyewe.

"Mama haponi. Anakufa ukurasa wa 142. Aliyeandika hapo juu hakusoma. Haya maneno nayajua, nimeshaambiwa mara moja."

Mkutubi alikaa. Na hapo ndipo alipokumbuka maneno yale mepesi yalitoka wapi. Korido ya hospitali, benchi la chuma, mkoba wa shule wa mtoto mapajani mwake. Alikuwa amemshika bega, amemwambia kwa sauti ya furaha kabisa, "Usiogope mwanangu, mama anapona. Wewe nenda shule." Na mtoto akaenda shule.

Jioni ile aliuliza hivyo hivyo, maana hakujua kufanya kitu kingine.

"Kitabu umekionaje?"

"Kizuri," akasema binti. Akatundika kitambaa, akaenda kulala na jua halijazama vizuri.

Mama Ongeza alibaki na mikono kwenye maji ya sabuni. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili neno lake halikutoka.

Ijumaa asubuhi alifunga mlango wa maktaba, akatundika kibao cha "Imefungwa," akajikunja sakafuni kati ya rafu mbili, magoti yakilia, na kukisoma kitabu cha bluu tangu ukurasa wa kwanza. Hakuruka hata mstari. Kilikuwa kitabu kizuri, tena kizuri cha kukera, kwa jinsi kilivyokuwa na haki ya kusomwa na mtu aliye macho. Katika sura ya tisa jirani anamwita msichana uani na kumwambia bila kuzunguka kwamba mama yako haponi, siku zilizobaki ni chache, kaa naye. Msichana haendi shule tena. Anakaa kitandani pa mama yake, anatia uzi kwenye sindano, na mama anamwonyesha pindo la mwisho. Ukurasa wa 142 mama anakata roho, na msichana ameushika mkono wake.

Mkutubi alilia pale sakafuni mpaka miwani ikaachia gundi. Alikuwa amedhani mtoto kaumia kwa sababu mama wa kitabuni amekufa. Kumbe wapi! Kilichomuumiza ni kwamba yule msichana wa kitabuni aliambiwa.

Alipoweza kusimama, alichukua kalamu nyekundu, ile ile, akapitia kadi moja moja na kukata kila mstari aliouandika yeye. Wa kijani, wa bluu, wa mkono wa kushoto. Hata wa mama asiyewatambua mapacha, ambao aliuonea huruma kidogo.

Mkuu alifika saa sita na daftari. Akafungua kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Hii mistari nyekundu ni ya nini?"

"Maoni yaliyokatwa niliyaandika mimi. Usiyahesabu."

"Wewe? Ukijifanya mtoto?"

"Ndiyo. Na mengine hata kitabu sikusoma."

Mkuu akavuta kiti cha darasa la kwanza, akakaa, magoti yakamfika kidevuni. "Mama, ungenyamaza tu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nisingejua."

"Najua usingejua."

Hawakubishana zaidi, hakuna aliyekuwa na nguvu hiyo. Walipakia pamoja. Riwaya hamsini na tano ziliingia kwenye maboksi ya karatasi za fotokopi, na mkuu akaahidi kuzipandisha juu ya meza huko stoo, mbali na panya. Kitabu cha bluu mkutubi alikiweka boksini mwisho kabisa, ila kadi yake aliitoa.

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, binti alisimama mlangoni na mkoba begani. Aliangalia rafu tupu.

"Njoo hapa, mwanangu," mkutubi akasema. "Soma."

Akamsukumia kadi juu ya meza. Wino wa kijani ulikuwa umekatwa kwa nyekundu. Penseli ya binti ilikuwa pale pale, haikuguswa. Chini yake, kwa mkono wa kulia na mwandiko wake wa siku zote, Mama Mkubwa alikuwa ameandika: "Nimesoma mpaka mwisho. Yule msichana aliambiwa. Wewe nilikunyima."

Binti aliisoma. Masikio yalimwiva.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Jumapili. Daktari aliniita pembeni."

"Mama alikufa Jumatano."

"Ndiyo."

Binti alihesabu, midomo ikicheza bila sauti. "Jumatatu nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Jumanne pia. Nilikuwa naimba, Mama Mkubwa! Mwalimu akanisifu. Nikasema nitakuja kumwimbia akitoka." Akaushika mkanda wa mkoba. "Ningekaa naye. Mimi ningekaa naye."

Mkutubi alikuwa na sababu, tena alikuwa amezipanga mwaka mzima zikapangika. Ulikuwa mdogo. Madaktari nao hukosea. Mama yako mwenyewe hakutaka ulie mbele yake. Alifungua mdomo, na kila moja aliyoishika aliiona ina wino wa kijani.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa sura yako nikikwambia. Nilikuwa nimechoka na niliogopa, nikasema lililokuwa jepesi. Nisamehe, mwanangu."

Nje watoto walikuwa wakipigana vikumbo getini, na mtu akipuliza filimbi. Binti alifuta pua kwa mkono wa sweta. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliishika ile kadi, akairudisha mezani mbele ya Mama Mkubwa, akaigonga kwa kidole mara moja.

"Ongeza," akasema.

Mkutubi akaitafuta kalamu. Binti akatikisa kichwa, akashusha mkoba, akavuta kiti na kukaa. Hakutaka ya kuandikwa.

Basi Mama Mkubwa akavua miwani yake mibovu, akaiweka juu ya kadi, akaanza kumsimulia kuanzia Jumapili.